Chotara na Mahuluti: Istilahi za Uzalishaji wa Mimea kwa Mfano wa Skanka

1. Utangulizi

Neno la sokoni halisubiri kusanifishwa. Hutoka kinywani mwa muuzaji likaingia kinywani mwa mnunuzi, likafika kituo cha polisi, hospitalini na mahakamani, na hatimaye likatua magazetini. Hapo ndipo sisi tulio katika kazi ya istilahi tunapoanza kuuliza lina maana gani. Ndivyo ilivyo kwa neno skanka. Katika miaka ya 2020 vyombo vya habari vya Tanzania vimelitumia kwa maana ya bangi iliyo kali kupita ile iliyozoeleka. Anayetaka kulifafanua hana budi kutafuta neno jingine la kumsaidia, na yaliyo karibu naye ni mawili: chotara na mchanganyiko.

Maneno hayo mawili yanahitaji kuchunguzwa. Tukisema skanka ni mchanganyiko, msikilizaji ana haki ya kuuliza: mchanganyiko wa nini na nini? Wa mimea miwili, au wa bangi na dawa iliyonyunyiziwa juu yake? Mzazi anayeambiwa hospitalini kwamba mwanawe amevuta mchanganyiko anaweza kwenda kuitafuta sumu ya pili ambayo haipo, hali yaliyomdhuru kijana yamo katika ua la mmea wenyewe. Na tukisema ni chotara, mkulima aliyezoea mahindi chotara ataelewa jambo ambalo, kama tutakavyoona, si kweli kwa mmea huu.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, kueleza neno skanka lilikotoka na sifa za mmea uliolizaa. Pili, kuonyesha kwamba neno chotara limebebeshwa maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Tatu, kutoa mapendekezo ya istilahi chache zinazoweza kumfaa mkalimani, mwalimu wa kilimo, mkemia na mwandishi wa habari. Mwandishi hakusudii kuusifu mmea huu wala kufundisha ukulima wake. Kuulima na kuutumia ni makosa kwa sheria za Tanzania. Lakini kitu kupigwa marufuku hakukiondolei haja ya kuitwa kwa jina lake. Bali chenye kumfikisha mtu gerezani ndicho kinachodai maneno yenye mipaka iliyo wazi zaidi.

2. Asili ya neno skanka

Katika bara la Amerika yupo mnyama mdogo mweusi mwenye milia myeupe, ambaye akitishwa hurusha majimaji yenye uvundo mkali. Kwa Kiingereza mnyama huyo huitwa skunk. Kwetu Afrika hayupo, ila tunaye kicheche, ambaye si wa familia yake lakini amefanana naye kwa milia na kwa uvundo. Katika miaka ya 1970, huko California, wazalishaji wa bangi walitoa aina mpya iliyokuwa na harufu kali, wakaiita Skunk No. 1 kwa jina la mnyama huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbegu zake zilipelekwa Uholanzi. Mwaka 1988, katika mashindano ya kwanza ya bangi yaliyofanywa mjini Amsterdam, aina hiyo ndiyo iliyotwaa ushindi. Tangu hapo imekuwa mzazi wa aina nyingine nyingi zinazouzwa duniani.

Neno lilipofika Uingereza lilipanuka. Halikubaki kuwa jina la aina moja, bali lilianza kutumiwa kwa bangi yoyote kali, yenye harufu, isiyo na mbegu, na iliyokuzwa ndani ya nyumba kwa mwanga wa taa. Upanuzi wa namna hii tunaufahamu katika lugha yetu wenyewe: jina la mtengenezaji mmoja wa dawa ya viatu au ya meno huweza kuwa jina la bidhaa zote za jinsi hiyo.

Neno skanka la Kiswahili limerithi maana hii ya pili, iliyo pana. Kisarufi halina tatizo. Kundi la konsonanti sk- mwanzoni mwa neno tumekwisha kulizoea katika sketi, skuli na skrubu. Irabu ya Kiingereza imegeuka kuwa a, kama ilivyotokea katika basi na klabu. Na mwisho wa neno umepewa irabu ili silabi iwe wazi, kama ilivyo desturi ya lugha. Neno limeingia katika ngeli ya i-/zi-: skanka hii, skanka hizi. Kwa hiyo hatuna sababu ya kulifukuza. Kazi iliyobaki ni kuliwekea mipaka.

3. Mmea na majina yake ya kisayansi

Kabla ya kuzungumzia chotara yafaa tujue wazazi wake ni nani. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mmea huu jina la Cannabis sativa. Mwaka 1785 Lamarck, kwa kutazama mimea iliyotoka India, aliona kwamba ile ilikuwa spishi nyingine, akaiita Cannabis indica. Mwaka 1924 mtaalamu wa Kirusi, Janischevsky, aliongeza ya tatu, Cannabis ruderalis. Mwaka 1976 Small na Cronquist waliyaangalia upya mambo hayo, wakashikilia kwamba yote ni spishi moja yenye nususpishi mbili. Mjadala haujafungwa, lakini wataalamu wengi wa mimea leo huelekea kuikubali spishi moja tu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mimea yote hii huzaliana yenyewe kwa yenyewe pasipo kizuizi.

Tuyatazame majina hayo kwa jicho la istilahi. Sativa ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichopandwa na binadamu. Indica ni ya India. Ruderalis inatokana na neno la kifusi, yaani mmea uotao penye magofu na kando ya njia. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalosema lolote juu ya kulevya. Mpunga wetu nao huitwa Oryza sativa, na una kundi liitwalo indica, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba mpunga wa sativa humchangamsha mlaji na wa indica humlaza. Hata hivyo wauzaji wa bangi wa nchi za nje wameyachukua maneno hayo mawili wakayafanya vibandiko: sativa kwa mmea mrefu wenye majani membamba unaodaiwa kuchangamsha, indica kwa mmea mfupi wenye majani mapana unaodaiwa kuleta usingizi, na cha tatu, chotara, kwa kila kisichoingia katika makundi hayo mawili. Utatu huu ni wa dukani. Usichukuliwe kuwa ni uainishaji wa kisayansi, na wala usiingizwe katika vitabu vyetu kana kwamba ndivyo ulivyo.

Mbangi una jinsia mbili zilizotengana, kama tunavyoona kwa mipapai: kuna mmea dume na mmea jike. Dume hutoa chavua inayochukuliwa na upepo. Jike hutoa mashada ya maua. Juu ya maua hayo, hasa kwenye vijani vidogo vinavyolizunguka kila ua, kuna vinyweleo vyenye vichwa vya mviringo, na ndani ya vichwa hivyo hutengenezwa utomvu wenye kemikali zinazoitwa kanabinoidi. Zilizo mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa kifupi huandikwa THC. Ndiyo ilevyayo, na umbo lake lilibainishwa mwaka 1964 na Gaoni na Mechoulam huko Israeli. Ya pili ni kanabidioli, kwa kifupi CBD, ambayo hailevyi. Ua likichavushwa, nguvu za mmea huenda katika kutunga mbegu. Likikosa chavua, huendelea kukua na kujaza utomvu. Ndiyo sababu wakulima wa Mexico walizoea kung'oa madume mapema, na bangi iliyopatikana hivyo wakaiita kwa Kihispania sinsemilla, yaani isiyo na mbegu.

4. Chotara: neno moja, maana mbili

Katika Afrika Mashariki neno chotara limepata nguvu katika kilimo kwa njia ya mahindi. Mbegu chotara iitwayo H611 ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, ikiwa uzao wa mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador. Tangu hapo mkulima amejifunza mambo mawili kwa vitendo. La kwanza, kwamba chotara huzidi wazazi wake kwa nguvu na mavuno. La pili, kwamba haifai kuweka mbegu ya chotara kwa ajili ya msimu ujao, kwani uzao wake hutawanyika: mhindi mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja wa mapema, mwingine wa kuchelewa. Kila msimu hurudi dukani. Kwa mkulima huyo, basi, chotara ni kizazi cha kwanza cha wazazi wanaojulikana, na tabia yake ya msingi ni kwamba hakirudii umbo lake kikizaana chenyewe.

Muuzaji wa bangi anaposema chotara hasemi hivyo. Yeye anamaanisha tu kwamba katika nasaba ya mmea kuna mababu wa sehemu mbalimbali. Huenda walikutana jana, huenda walikutana miaka 40 iliyopita. Huenda mbegu zake hutawanyika, huenda zimekwisha kutulia. Kwa maana hii karibu kila mbangi unaouzwa leo katika nchi zilizouhalalisha ni chotara, na neno linaloeneza kila kitu halibagui kitu.

Skunk No. 1 ni mfano mzuri wa hitilafu hiyo. Wazazi wake, kwa maelezo yaliyozoeleka ya wazalishaji, walitoka Afghanistan, Mexico na Colombia. Kwa nasaba, basi, ni mchanganyiko wa nchi tatu. Lakini sifa iliyoipatia jina ilikuwa uthabiti. Wazalishaji waliteua na kuzalisha kizazi baada ya kizazi hata mbegu zikatoa mimea inayofanana. Kwa kipimo cha mkulima wa mahindi hii si chotara hata kidogo. Imekwisha kuacha kuwa chotara, ikawa aina iliyotulia.

Hapa ndipo lugha yetu ina bahati ambayo hatujaitumia. Kiswahili kina maneno mawili yaliyokuwa yakitumiwa kana kwamba ni visawe: chotara, na mahuluti, ambalo asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kilichochanganyika. Badala ya kuunda neno jipya, tunaweza kugawa kazi: chotara libaki kwa kizazi cha kwanza, kama mkulima alivyokwisha kulielewa, mahuluti lichukue maana ya nasaba iliyochanganyika, iwe mbegu zimetulia au hazijatulia. Mwanaistilahi hana mali nzuri kuliko visawe viwili visivyo na mpaka kati yao, kwani huweza kuwapa mpaka bila kumlazimisha msemaji kujifunza neno geni.

5. Sifa za Skunk No. 1

Tukiyatumia maneno hayo, sifa za aina hii zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo taabu.

(a) Nasaba. Ni mahuluti yenye asili ya Asia ya Kati na ya Amerika. Wauzaji wa mbegu hupenda kusema kwamba robo tatu ni sativa na robo ni indica. Hesabu hiyo ni ya ukoo unaosimuliwa; haikutokana na kupima jeni.

(b) Umbo. Ni mmea wa kimo cha wastani, wenye shina imara na mashada ya maua yaliyoshikamana. Mababu wa Colombia na Mexico ni wa nchi za joto, hurefuka na kukawia kuchanua. Wa Afghanistan ni mfupi, wa majani mapana, anayewahi. Uzao wake umesimama katikati.

(c) Muda. Tangu kuanza kuchanua hadi kukomaa huchukua kiasi cha wiki 8 au 9, ilhali mibangi mirefu ya nchi za joto huhitaji muda zaidi. Wepesi huu ndio uliowavutia wakuzaji wa ndani ya nyumba katika Ulaya ya kaskazini, ambako jua la kiangazi halidumu.

(d) Harufu. Ndiyo iliyompa mnyama nafasi katika jina. Kwa muda mrefu harufu ya bangi ilielezwa kwa terpini peke yake, zile kemikali zinazotoa manukato ya mchaichai na ndimu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba uvundo huu hasa hutokana na viambata vya salfa vilivyo vichache mno kwa kiasi lakini vikali mno puani, vya jamaa moja na vile anavyorusha mnyama mwenyewe. Walioupa mmea jina kwa kunusa tu walikuwa wamekaribia kemia kuliko walivyojua.

(e) Kemia. Wazazi wote watatu walikuwa mibangi ya kulevya. Kwa hiyo THC ni nyingi, na CBD karibu haipo.

(f) Uthabiti. Mbegu zake hutoa mimea inayofanana kuliko mahuluti nyingi za wakati wake.

Msomaji ataona kwamba katika sifa sita hizi neno chotara halikuhitajika hata mara moja.

6. Ukali hautokani na jina

Lililo hatari zaidi ni kudhani kwamba uchotara ndio uletao ukali. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Ulaya lilichapisha matokeo ya kuzalisha mibangi yenye THC pekee pamoja na mibangi yenye CBD pekee. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa na kemikali zote mbili kwa pamoja. Kizazi cha pili kiligawanyika kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa moja: robo yenye THC, nusu yenye zote mbili, robo yenye CBD, kama kanuni za Mendel zinavyotabiri. Uchunguzi wa jenomu uliofuata ulionyesha kwamba jeni zinazohusika ni zaidi ya moja na zimekaa karibu karibu, lakini somo la msingi halikubadilika. Chotara halisi wa mbangi wa kulevya na mbangi wa nyuzi si mkali kuliko mzazi wake mlevyaji, kwa kuwa nguvu za utomvu zimegawanywa kwa kemikali mbili. Skanka ni kali si kwa sababu imechanganywa, bali kwa sababu wazazi wote walikuwa wa upande mmoja, mimea iliteuliwa kwa utomvu, na maua yalizuiwa kuchavushwa.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha jambo hilo katika jamii. Bangi iliyokamatwa na polisi wa Uingereza mwaka 2005 ilikuwa ya jinsi hii isiyo na mbegu kwa asilimia 51; mwaka 2016 ilifika asilimia 94. Wastani wa THC yake mwaka 2016 ulikuwa kiasi cha asilimia 14, na CBD karibu sifuri. Utomvu uliokaushwa, yaani hashishi, ulikuwa na THC ya asilimia 6 hivi pamoja na CBD kidogo. Mwaka 2015 utafiti uliofanywa kusini mwa London ulieleza kwamba watu waliotumia bangi kali ya jinsi hii kila siku walionekana kuwa na uwezekano wa kupatwa na maradhi ya akili wa kiasi cha mara tano ya wasiotumia. Kwa watumiaji wa hashishi hali hiyo haikuonekana. Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano. Hautoshi peke yake kuthibitisha sababu. Lakini unatosha kumfanya muuguzi aulize swali la pili. Mgonjwa akisema nimevuta bangi, jibu halijakamilika. Bangi gani, na kali kiasi gani? Ikiwa lugha haina maneno ya swali hilo, swali halitaulizwa.

Vibandiko vya wauzaji navyo havimsaidii muuguzi. Mwaka 2015 watafiti wa Canada walilinganisha jeni za sampuli 81 za bangi na 43 za mbangi wa nyuzi, wakakuta kwamba jina la aina mara nyingi halilingani na nasaba yake. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipima sampuli 122 za majina 30, wakakuta sampuli zenye jina moja ambazo hazikuwa na ukoo mmoja. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba vibandiko vya sativa na indica vinahusiana na terpini chache tu, yaani na harufu, wala havionyeshi ukoo wa mmea. Kwa ufupi, jina la skanka lililoandikwa juu ya mfuko haliwezi kuwa ushahidi wa kilichomo ndani yake. Ushahidi ni kipimo cha maabara.

Sheria ya kimataifa ililiona jambo hili mapema. Mkataba wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, uliifafanua bangi kuwa ni vichwa vya maua au matunda ya mmea huo ambavyo havijatolewa utomvu, kwa jina lolote viitwavyo. Maneno hayo ya mwisho ni ya kuangaliwa na kila mkalimani wa mahakama. Akitafsiri skanka kana kwamba ni dawa nyingine isiyo bangi, amebadili shitaka. Akiificha skanka ndani ya neno bangi bila kueleza, amemnyima hakimu habari iliyotolewa na shahidi. Njia sahihi ni kulitaja neno lilivyosemwa, na kuliacha cheti cha mkemia kisema kilichopimwa.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi zetu ni kuanza na maneno yaliyomo katika Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, na mwisho kukopa kwingine. Mapendekezo yafuatayo yamefuata njia hiyo. Ni ya mwandishi, yanaletwa yajadiliwe.

Mbangi (mi-): mmea mzima, dume au jike, wa jenasi Cannabis. Umefuata kanuni ya mchungwa na chungwa.

Bangi: maua na majani ya mbangi yanayotumiwa kulevya.

Mbangi wa nyuzi: mbangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi au mbegu, wenye THC kidogo mno. Kamusi za zamani hutumia katani, lakini katika Tanzania neno hilo limeshikwa na nyuzi za mkonge, na kulirudisha ni kuleta mkanganyo. Mpaka wa asilimia 0.3 ya THC, ambao sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inautumia, ulitokana na kazi ya Small na Cronquist ya mwaka 1976. Ni mpaka uliochaguliwa na watu kwa ajili ya kurahisisha uainishaji. Kwa hiyo usiwe sehemu ya maana ya neno.

Aina ya kienyeji: mimea iliyozoea mahali pamoja kwa vizazi vingi vya wakulima bila uzalishaji wa kitaalamu.

Aina pandwa: aina iliyoteuliwa na binadamu, inayotofautika na nyingine, inayofanana yenyewe kwa yenyewe, na inayodumisha sifa zake. Neno mbegu, ambalo mkulima hulitumia kwa maana hii, lina kasoro hapa: hatuwezi kusema mbegu isiyo na mbegu tukaeleweka.

Chotara: kizazi cha kwanza cha wazazi wawili wanaojulikana na wanaotofautiana, ambacho uzao wake hutawanyika.

Mahuluti: mmea au aina yenye nasaba iliyochanganyika, bila kujali idadi ya vizazi vilivyopita. Aina pandwa huweza kuwa mahuluti.

Uthabiti: hali ya mbegu kutoa mimea inayofanana na mzazi kizazi baada ya kizazi.

Vinyweleo vya utomvu: vinyweleo vya ua la mbangi vinavyotengeneza kanabinoidi na terpini.

Ua lisilochavushwa: ua la mbangi jike lililozuiwa kupata chavua, hata likajaa utomvu badala ya mbegu.

Ukali: kiasi cha THC kwa mia ya uzito wa bangi kavu. Neno tunalo tayari katika pombe kali na tumbaku kali; limeongezewa kipimo tu.

Skanka: jina la jumla la bangi yenye ukali mkubwa itokanayo na maua yasiyochavushwa ya mbangi mahuluti. Aina pandwa ya California iandikwe kwa jina lake la asili, Skunk No. 1, ili jina la jumla na jina la pekee visigongane.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba skanka ni bangi, si dawa nyingine. Kwamba ni mahuluti kwa nasaba, wala si chotara kwa maana ya mahindi. Na kwamba ukali wake hupimwa kwa THC, haujulikani kwa jina wala kwa rangi ya mfuko. Istilahi zilizopendekezwa hapa hazihusu mmea mmoja tu. Mtaalamu wa mihogo, wa migomba na wa ng'ombe wa maziwa atakutana na swali lile lile la chotara na mahuluti, na itamfaa akikuta mpaka umekwisha kuchorwa.

Wasomaji wanaombwa kulileta kila neno wanalolisikia mahali pao kwa mambo haya, liwe la shambani, la hospitalini au la vijiweni, pamoja na maana yake kama linavyotumiwa huko. Wenye hoja dhidi ya mapendekezo haya nao wazilete, hasa walio mahakamani na katika tiba, kwani neno lenye kasoro huwaumiza wao kabla ya kutufikia sisi.